Sifa za Bei Elekezi ya Kupunguza Suruali

Serikali husifiwa kwa mabwawa na reli, kazi ambazo hata asiye na busara huziona kwa macho. Inayostahili sifa zaidi ni ile inayojishusha hadi kwenye kiti cha fundi cherehani na kumwambia mwisho wa kutoza anapobana kiuno au kugeuza kola iliyochakaa. Uingereza wakati wa vita ilifikia kilele hicho. Tarehe 1 Juni 1941 nguo ziliingia kwenye mgawo: mtu mzima alipewa kuponi 66 za mwaka mzima, na suti moja ya kiume ikameza 26. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kudhibiti bei za bidhaa, na za huduma pia. Hapo kwenye huduma ndipo palipo na hekima. Aliyezuiwa kununua koti jipya atalipeleka lile kuukuu kwa fundi, maana koti lililokwisha nunuliwa halidai kuponi mara ya pili. Na fundi akiona mlango umejaa watu, naye ni binadamu, atapandisha. Bila ukomo wa bei, umaskini wa wote ungekuwa neema ya mtu mmoja mwenye sindano.

Wapinzani husema bei ikishushwa kwa amri, kazi hulipuliwa. Ni kweli, na ni faida: pindo likifumuka baada ya wiki mbili, mteja hurudi kuonja bei nafuu mara ya pili. Husema pia kwamba foleni hurefuka, mafundi wakakimbilia kazi zenye malipo. Lakini hapo ndipo raia hujifunza kushona. Mwaka 1942 Waingereza walipopiga marufuku suruali zenye mkunjo miguuni ili kuokoa kitambaa, wanaume walinunua suruali ndefu kupita miguu yao, kisha mkunjo ukapigwa nyumbani. Shule gani ya ufundi imewahi kupata wanafunzi wenye bidii kiasi hicho? Kuhusu magendo, Mtanzania aliyeishi zama za Tume ya Bei, iliyoundwa 1973, hahitaji somo: bei ya ubaoni ilibaki safi, na kilichopita chini ya meza kiliitwa shukrani. Ukomo wa bei haukuua biashara. Uliirudisha kwenye kujuana, ambako mpwa wa fundi hupata suruali yake leo na mgeni akaambiwa aje Ijumaa, bila kutajiwa ipi.

Linabaki pingamizi la huruma, kwamba fundi mwenyewe atakonda. Akikonda, suruali yake itahitaji kubanwa, na bei ya kazi hiyo imekwisha dhibitiwa. Kwa hiyo, msomaji, ukikuta cherehani imefunikwa na fundi hayupo, usinung'unike. Isome bei iliyobandikwa mlangoni, uone ilivyo nafuu.