Konda wa Amiga

Tarehe 23 Julai 1985, katika Lincoln Center jijini New York, kampuni ya Commodore ilimketisha msanii Andy Warhol mbele ya kompyuta mpya, Amiga 1000, ampake rangi mwimbaji Debbie Harry kwenye skrini. Ukumbi ulimtazama Warhol. Ajabu kubwa zaidi haikuonekana kwa macho: mashine hii ya nyumbani iliweza kuendesha programu kadhaa kwa wakati mmoja.

Msimamizi wa shughuli hiyo alikuwa Exec, kiini cha mfumo kilichoandikwa na Carl Sassenrath. Mfikirie kama konda wa daladala: wewe umekaa vya kutosha, mpishe mwenzako, wewe mwenye kapu, ngoja zamu. Konda alikuwa hodari. Gari ndilo lilikuwa dogo. Amiga 1000 iliuzwa ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 256, na Amiga 500 ya mwaka 1987 ikaja na 512. Skrini moja ya rangi 32 ilimeza kama kilobaiti 50 kabla mchoraji hajachora hata kucha.

Sasa mtazame mwenye Amiga 500 jioni moja. Amefungua programu ya kuchorea. Juu yake amefungua ya kuandikia barua. Kisha, bila sababu yoyote ya maana, amefungua saa yenye mishale, ingawa nyingine inaning'inia ukutani nyuma yake. Tangu hapo hachori wala haandiki. Anakodolea ile namba iliyo juu ya skrini, inayoonyesha kumbukumbu iliyobaki, kama mpangaji anayehesabu uniti za umeme mwisho wa mwezi.

Na namba yenyewe ina ujanja. Inasema nafasi ipo, lakini programu ikiomba kipande kikubwa inanyimwa, kwa sababu nafasi hiyo imetapakaa vipandevipande. Viti sita ni vitupu gari zima, ila bibi harusi na wapambe wake wanataka safu moja.

Halafu kuna diski. Wengi walikuwa na kiendeshi kimoja tu, kwa hiyo mashine inadai diski ya mfumo, iitwayo Workbench, mara ya picha, mara Workbench tena. Programu mbili zikisoma diski kwa pamoja, kiendeshi kinakereza kama kinasaga kokoto, na zote mbili zinachelewa. Kompyuta inafanya kazi tatu. Bwana mkubwa amekuwa utingo.

Anaifunga saa ili barua ipone. Amechelewa. Ndani ya Amiga hapakuwa na kuta za kuzitenga programu, hivyo abiria mmoja akimwaga mafuta ya taa, gari zima linalowa. Skrini inakuwa nyeusi, na kisanduku chekundu kinamwekamweka juu kikiwa na maneno Guru Meditation na safu ya tarakimu. Inasimuliwa kwamba jina hilo lilizaliwa kwa wahandisi wenyewe: mashine ilipogoma, waliketi juu ya ubao wa michezo unaohisi mwendo wa mwili, wakishindana kutulia tuli kama guru wa Kihindi.

Mwenye barua hatulii. Anabofya kitufe cha kushoto cha kipanya, kama alivyoagizwa, na mashine inaanza upya. Unatokea mchoro wa mkono ulioshika diski, ukiomba Workbench. Anaitumbukiza, anangoja, kisha anafungua saa aone amepoteza muda gani.