Mapishi Mepesi ya Kiangazi: Mwongozo kwa Mgeni wa Kiwanja Asiyejihadhari

Umekuja Kiwanja, mji wetu wa Rutshuru, mashariki mwa Kongo, na gazeti la mapishi mkobani. Limekuahidi chakula chepesi cha kiangazi, mboga mbichi, dakika 30, kwa familia ya watu wanne wenye shughuli nyingi. Umeshuka kwenye gari lililotoka Goma, umekula vumbi la Barabara ya Taifa Namba 2 kwa kilomita zaidi ya 70, na sasa moyo unakutuma umpikie mwenyeji wako ili naye apumzike. Nia njema. Kabla hujagusa sufuria, keti kwanza.

Kiangazi tunacho, lakini si kile cha kwenye picha. Tuko digrii moja hivi kusini mwa ikweta. Jua linachomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima. Mvua hukata Juni hadi Agosti, na Januari na Februari kuna kiangazi kingine kifupi, kinapita kama mtu aliyekuja kuomba moto. Maana yake jikoni ni moja: vumbi. Lenga lenga, yaani mchicha, iliyolimwa kando ya barabara huoshwa maji matatu. Ukiiosha mara moja, familia itakula kimya, na kila mtu atasikia meno ya mwenzake.

Sokoni, usimwulize mama muuza mboga kama lenga lenga yake ni ya leo. Ataitazama lenga lenga, atakutazama wewe, kisha atapandisha bei. Imekatwa kabla hakujapambazuka, na jioni itakuwa ya mbuzi. Swali la heshima ni hili: “Mama, niongeze kidogo.” Ataongeza majani mawili huku akilalamika kwamba unamfilisi. Malalamiko hayo ni sehemu ya bei, yapokee.

Friji zipo, usidhani hatuna. Kituo cha umeme cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, kilizinduliwa mwaka 2015, megawati 13 hivi, na nyaya zimefika kwetu. Ila friji ya Kiwanja ina kazi yake: inapoza bia na soda za biashara. Ukiondoa chupa sita ili uhifadhi kitunguu chako nusu, umemwingilia mtu riziki.

Sasa tuingie penye hatari. Utaona majani ya mihogo, machanga, ya kijani kinachong'aa, na gazeti lako litakunong'oneza neno saladi. Acha. Sombe haiwi saladi. Majani ya mihogo yana sumu ya sianidi iliyofungwa ndani yake, na bibi zetu walijua namna ya kuifungua bila maabara. Unatwanga mpaka majani yalainike, na kule kusagika ndiko kunakoiachilia sumu. Halafu unachemsha sufuria ikiwa wazi, na sumu inaondoka na mvuke kwa sababu yenyewe huchemka kwenye joto la nyuzi 26 tu. Mgeni anayefunika sufuria mapema “ili iive haraka” anaharibu kazi ya kinu. Na mihogo yenyewe, ile michungu, haina mzaha zaidi: mwaka 1938 daktari Trolli aliandika kuhusu konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioonekana Kwango, magharibi mwa nchi hii. Unahusishwa na mihogo iliyoharakishwa, isiyolowekwa siku za kutosha. Basi ukisikia mtu anajisifu kwa kupunguza muda wa kuandaa mihogo, mpongeze ukiwa mbali, na chakula chake usionje.

Sombe yenyewe inataka saa na zaidi motoni, kisha mawese, kitunguu, puaro (liki), bilinganya, na karanga zilizosagwa kama mfuko unaruhusu. Siku hizi kuna mashini za kusaga sombe sokoni, unatoa faranga kidogo na mkono unapumzika. Wazee watakwambia ya mashini haina ladha ya kinu. Ni kweli. Lakini ukichunguza, wengi wanaosema hivyo hawajawahi kuushika mchi.

Hapo ndipo gazeti linapokosea kabisa kuhusu haraka. Linahesabu dakika. Sisi tunahesabu makala, yaani makaa ya kupikia. Mama wa hapa akitazama maharagi makavu haoni saa tatu, anaona mbabula, jiko lake la makala, ikijazwa mara ya kwanza, ya pili, na pengine ya tatu, na gunia la makala linalopanda bei kila njia inapofungwa. Sehemu kubwa ya makala hayo hutoka kwenye miti ya Hifadhi ya Virunga, ambako kukata ni kosa na kuuza ni mkate wa watu, na ugomvi huo haumalizwi na mapishi. Kwa hiyo chakula cha haraka Kiwanja ni kile kinachoiva makala hayajawa majivu. (Kurasa za vitafunio za gazeti lako, zile za karatasi laini, haziwaki vizuri. Tumia kurasa za matangazo.)

Na hapa, bila kujua, umefika wakati mzuri. Juni maharagi ya msimu wa pili yanavunwa, na kabla hayajakauka huuzwa mabichi, bado ndani ya maganda, mekundu, ya madoa, ya rangi ya waridi. Hiki ndicho chakula chetu cha kiangazi, kama unataka kukiita hivyo. Wakalishe watoto wote kwenye mkeka wamenye. Watamenya nusu na kurushiana nusu. Maharagi mabichi huiva chini ya saa moja, bila kuloweka, bila magadi. Tia ndizi za kupika zilizokatwa vipande, chumvi, kitunguu, mawese kijiko kimoja cha kweli, si kile cha kwenye picha. Sufuria moja, moto mmoja. Mtu aliyekulia Rutshuru akiwa ughaibuni, hili ndilo analoliota, wala haoti sombe, hata akikana.

Ukipata nyama ngumu, na utaipata, chukua papai bichi, likate vipande utie humo. Utomvu wake hulainisha nyama, na Kivu ilipata kuuza utomvu huo nje ya nchi ikiuita papaini. Usizidishe: nyama itageuka uji, na utalaumiwa wewe, si papai.

Samaki wa Vitshumbi, kutoka ziwa Edward, ananunuliwa asubuhi. Mtazame jicho, mfunue shavu. Baada ya adhuhuri muuzaji naye anajua unachokijua, na samaki huyo anaelekea kwenye moshi. Nyanya, puaro, ndimu, basi. Nusu saa inatosha. Kwa hili, gazeti linapata alama.

Kuhusu watu wanne. Sijui ni nani aliwahesabu. Sufuria ya Kiwanja haipikiwi idadi, hupikiwa mlango. Vita vya 2008, vya 2012, na waasi wa M23 kuingia tena mjini Oktoba 2022 vimezifundisha nyumba nyingi kupika jioni bila kujua nani atalala humo: shemeji na wanawe, mwanafunzi wa kijiji cha juu, bibi ambaye hakuna aliyeuliza anakaa mpaka lini. Mwenye shughuli nyingi katika familia hiyo ni mmoja, alikuwa shambani alfajiri, mezani sokoni mchana, na sasa anakutazama unavyokata nyanya kwa mapambo. Atakwambia, “Asante, mwanangu, umenipumzisha.” Hajapumzika. Amesimama nyuma yako kwa hofu ya kisu chake.

Mkatie avoka, yaani parachichi. Hilo utaliweza. Avoka la kiangazi hapa linajaza kiganja. Chumvi, maharagi ya moto, mwisho. Usitie mafuta, lina yake.

Bugali mwachie mwenyewe. Kusonga unga wa mihogo kwa ajili ya watu kumi na kitu si jambo la kujifunzia mbele za watu, na mwiko ule ni mzito kuliko ulivyodhani.

Kitu kimoja tu kisicho kibichi nakushauri ukitafute: maharagi ya jana. Yakikaa usiku yanashikana, asubuhi yanapashwa kwa mawese na pilipili, yanaliwa na chai, na watoto huyapigania kuliko walivyokipigania kile chakula chako kipya. Kabla ya kulala, funika sahani moja, ipandishe juu ya kabati, na usimwambie mtu, hata bibi. Hasa bibi.