Bao Lililokosa Kete

Palikuwa na nchi ya wanyama ambako bao lilipendwa kuliko ngoma. Mafundi wawili, Chui na Kifaru, walishindana kulichonga, na kila baada ya miaka michache kila mmoja alitoa bao jipya la kulipita la zamani. Fundi wa tatu alikuwa Kobe, mchongaji wa bao dogo la kubebwa kwapani. Mbao walikuwa nazo, na nakshi walizijua. Kete ndizo hawakuwa nazo. Bao moja lilitaka kete 64, na kete za kuaminika zilitoka katika mikomwe ya Kisiwani, ng'ambo ya maji, ambako Sisimizi walizisugua, wakaziosha, wakazisugua tena kwa miezi mitatu. Wanyama wengine waliojaribu kazi ile waliishia kupasua mbegu.

Nyumbu, mtengeneza mikokoteni, naye alizihitaji kete. Alizitia ndani ya magurudumu ili yazunguke bila kukwaruza. Alinunua za bei ya chini, na alitaka ziletwe siku ileile ya kazi, kwa kuwa kuweka ghala aliona ni kutupa fedha.

Mwaka mmoja kikohozi kibaya kikaingia nchini, wazee wakaamuru kila mnyama akae kwake. Nyumbu akajiuliza, nani atanunua mkokoteni naye hana pa kwenda? Akatuma mjumbe Kisiwani kufuta oda yake. Waliofungiwa ndani, kwa upande wao, wakataka kucheza. Maombi ya mabao yakamiminika, na Sisimizi wakawapa wengine fungu la Nyumbu. Haukupita muda, Nyumbu akarudi mbio. Wanyama walioogopa kubanana njiani sasa kila mmoja alitaka mkokoteni wake.

"Nipeni kete zangu," akasema.

"Zako ulizikataa mwenyewe, bwana," Malkia wa Sisimizi akamjibu. "Walio mbele yako ni wengi. Panga foleni."

Katikati ya msukumano huo, Chui na Kifaru wakatoa mabao yao mapya. Kisha balaa zikaandamana. Upande wa magharibi baridi kali ikazima matanuri ya wasugua kete wadogo. Upande wa mashariki karakana moja ikaungua. Kisiwani kwenyewe mvua ikakatika, na Sisimizi, ambao huosha kila kete kwa maji safi, wakawa wanasomba maji kutoka mabonde ya mbali.

Digidigi alikuwa amedunduliza vijisenti vyake mwaka mzima. Alifika sokoni kabla ya jogoo la kwanza, akakuta Ngedere na nduguze mia wameshapanda juu ya ukuta. Lango lilipofunguliwa, mikono yao ilifika mezani kabla ya macho ya wengine. Jua lilipochomoza, mabao yote yalikuwa chini ya mbuyu wa Ngedere, kila moja kwa bei maradufu. Digidigi akaenda moja kwa moja karakana kwa Chui.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kununua bao. Sokoni Ngedere kayachukua yote."

Chui akamwingiza ndani. Mabao yalipangwa hadi darini, yamechongwa na kupakwa mafuta. Digidigi akafurahi, "Kumbe yako hapa!"

"Hesabu kete," Chui akamwambia.

Akahesabu 63 katika la kwanza. Katika la pili, 63. La tatu, vilevile.

"Inayokosekana ni ile ndogo ya pembeni," Chui akasema, "ya bei ya chini kuliko zote. Zile kubwa nilizipigania, nikazipata. Hii sikuidhania kabisa."

"Basi niuzie hivyohivyo, nitacheza na 63."

"Nikikuuzia hilo, mwanangu, nitakuwa nimekuuzia ubao."

Mwisho wa mwaka baraza likakutana. Chui alikuwa ameahidi kuuza mabao 148, akaleta hesabu ya 115. Kobe aliahidi 255, akashuka hadi 240, akashuka tena hadi 230. Fisi, aliyezoea kuhukumu kabla ya kusikia, akasimama. "Bao limechuja. Wanyama hawalitaki tena, na hesabu ndiyo hiyo."

Bibi Kanga akaomba nafasi. "Wazee wangu, Digidigi aliyerudi mikono mitupu mmemwandika wapi? Daftari hili linaonyesha kete zilizofika. Waliotaka bao hawamo. Na malenga wetu, watunzi wa michezo, mnawaonaje? Hadi leo wanatungia bao la zamani pamoja na jipya, kwa kuwa wenye jipya ni wachache. Upungufu wa kete umepunguza mauzo, ukakawiza na michezo yenyewe, na faida iliyokuwa ya fundi imelala chini ya mbuyu wa Ngedere."

Baraza likanyamaza, kisha likaamua. Chui akabadilisha matundu ya bao lake ili yapokee kete za zaidi ya mti mmoja. Mabao yakaanza kuuzwa kwa majina, nyumba moja bao moja. Miaka ikapita, mvua ikarudi Kisiwani, rafu za soko zikajaa, na Ngedere akabaki na mzigo asiopata wa kumuuzia. Digidigi akapata bao lake akiwa ameshaota pembe.

Hekaya hii ina wenyewe: bao ni mashine ya gemu, na kete ni chipu. Xbox Series X na S za Microsoft zilitoka tarehe 10 Novemba 2020, na PlayStation 5 ya Sony siku mbili baadaye. Chipu kuu za mashine hizo zote zilibuniwa na AMD na kutengenezwa na kampuni moja, TSMC ya Taiwan. Makampuni ya magari yalikuwa yamefuta oda zao za chipu mwanzoni mwa janga la korona, yakarudi na kukuta nafasi zimechukuliwa. Februari 2021 baridi ilisimamisha viwanda vya chipu jimboni Texas. Machi moto ukaunguza kiwanda cha Renesas huko Naka, Japani. Mwaka huohuo Taiwan ilipata ukame mbaya kuliko wowote kwa zaidi ya miaka 50, na TSMC ikaleta maji kwa malori. Chipu za bei ndogo kabisa, kama zile za kudhibiti umeme, zikakwamisha bidhaa za mamia na maelfu ya dola.

Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022, Sony ililenga kuuza PlayStation 5 milioni 14.8, ikaishia milioni 11.5. Nintendo ilishusha matarajio ya mauzo ya mashine yake ya Switch kutoka milioni 25.5 hadi 24, kisha 23. Walanguzi walitumia programu zilizomaliza mzigo mtandaoni kabla mtu hajaandika jina lake. Michezo mikubwa kama God of War Ragnarök ya 2022 ilitolewa kwa mashine mpya na ya zamani pia. Kwa kawaida mashine ya gemu hushuka bei kadiri inavyozeeka. Lakini Agosti 2022 PlayStation 5 ilipanda Ulaya kutoka yuro 499.99 hadi 549.99, Sony ikitaja mfumuko wa bei na thamani ya sarafu. Januari 2023 ndipo kampuni hiyo ilipotangaza kwamba anayeitaka ataipata kwa urahisi zaidi, zikiwa zimeshauzwa zaidi ya milioni 30.

Na sasa Tembo wamefika kwenye soko la kete. Ni wenye vituo vya data vya akili mnemba, wanaonunua chipu za kumbukumbu kwa mafungu ambayo fundi wa bao hawezi kuyafikia. Mwishoni mwa 2025 bei za chipu hizo zilipanda kwa kasi, na mashine ya gemu haiwezi kuwaka bila hizo. Anayepanga foleni nyuma ya Tembo ni Digidigi yuleyule.

Akiba haiozi. Fundi aweke ghala hata kwa kete ndogo asiyoidhania, na atafute mti wa pili wakati wa neema, kwa maana mkomwe hauzai siku ya njaa. Mteja mkubwa atambue kwamba oda ni ahadi: akiivunja asilalamike kukuta nafasi yake imekaliwa. Sheria imkabili mlanguzi kabla soko halijafunguliwa. Na kila atakayesoma hesabu za mauzo aulize kwanza ni wangapi walikuja na fedha zao mkononi wakakosa. Mtoto aliyedunduliza mwaka mzima ana haki ya kuhesabiwa.