Jinsi ya Kusafisha Nyimbo Mpaka Zisijulikane Ni za Nani

Una kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye flashi pale karibu na stendi ya Lushoto, na kila wimbo unaoupakua unakuja na anwani ya tovuti mahali pa jina la msanii. Dereva wa gari la Mombo akichomeka flashi yake, redio inamwandikia anwani hiyo kona hadi kona, kuanzia Soni mpaka chini. Inaudhi, kweli. Fuata maelekezo haya, itatoweka na mengine mengi.

Kwanza, usitunze nakala. Ingia kwenye folda yenye nyimbo zako zote, andika eyeD3 --remove-all *.mp3, bonyeza Enter. Haikuulizi mara mbili. Jina la wimbo, mwimbaji, mwaka, picha: kwaheri. Wewe ulitaka kufuta anwani tu, lakini nani ana muda wa kuchagua?

Mpenda nusunusu atumie id3v2 -d. Inafuta maelezo ya mwanzoni mwa faili na kuacha yale ya mwishoni, mtindo aliobuni Eric Kemp mwaka 1996: baiti 128 kwa jumla, na mwimbaji anapewa nafasi ya herufi 30. Tuseme kuna kundi linalojiita Kwaya ya Vijana Usharika wa Lushoto. Kwenye redio itasomeka “Kwaya ya Vijana Usharika wa Lu”, na watu wa Lukozi watadai ni yao. (Kufuta kote kuwili ni -D, ila huo ni uangalifu, nao hauna nafasi hapa.)

Mafundi hutumia ffmpeg. Andika ffmpeg -i wimbo.mp3 -map_metadata -1 safi.mp3, usahau -c copy, nayo itaubana wimbo upya, kwa kawaida kwa kilobiti 128 kwa sekunde. Ngoma zikianza kusikika kama mabati, laumu spika. Ukikumbuka -c copy, sauti inabaki salama, na picha ya jalada nayo inabaki, kwa sababu ffmpeg inaihesabu kuwa video. Tiba yake ni kuongeza -map 0:a, lakini ukifanya hivyo tutakosa cha kucheka.

Mtafiti uliyemtegea bundi kinasa sauti cha AudioMoth msituni Magamba, nawe karibu. Faili zako za WAV zinabeba saa ya kurekodi, namba ya kifaa na hali ya betri. Futa. Utabaki na bundi asiye na usiku.

Jina la faili usiliguse. Redio ikikosa maelezo ndani, nyingi husoma jina hilo, na huko ndiko anwani ya tovuti ilikojibanza muda wote.

Na yule DJ anayejitaja katikati ya kiitikio? Yeye hayumo kwenye metadata, yumo ndani ya sauti yenyewe. Amri hizi zimemfuta aliyeimba, yeye hazikumgusa.