Jinsi ya Kuruka Kigoma–Mtwara kwa Saa Mbili Zisizokuwepo

Weka rula chini. Ramani ya ukutani ni tufe lililolazwa kwenye karatasi, na tufe halilali bila kuvutwa mahali fulani. Anza na viwanja vyenyewe: Kigoma iko digrii 4.9 kusini na 29.7 mashariki, Mtwara 10.3 kusini na 40.2 mashariki.

Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111 popote duniani. Ya longitudo hupungua kadiri unavyoiacha ikweta: kwetu huku bado ni 110, lakini ukifika latitudo 60 imebaki nusu. Kwa hiyo una takribani kilomita 600 za kushuka kusini na 1,155 za kwenda mashariki. Zitie kwenye kanuni ya Pythagoras, upate kama 1,300. Huo mkato unafaa hapa tu, karibu na ikweta na kwa safari fupi. Anayepima Tromsø hadi Anchorage kwa njia hii atapotea vibaya. Huyo akakokotoe duara kuu, yaani njia fupi kabisa juu ya tufe, kwa nusu kipenyo cha dunia cha kilomita 6,371.

Sasa muda. Dash 8 Q400, ile pangaboi iliyochekwa sana ilipoletwa nchini mwaka 2016, hukata kilomita kama 650 kwa saa. Waliocheka walikosea: kwa viwanja vya mikoani na safari fupi, ndege hiyo ndiyo yenyewe. Gawanya 1,300 kwa 650: saa mbili. Ongeza nusu saa ya kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka.

Hapo ndipo programu nyingi za simu huishia, na hapo ndipo zinapowapotosha watu. Hakuna ndege ya abiria ya ratiba inayotoka Kigoma moja kwa moja hadi Mtwara. Unapita Dar es Salaam, upende usipende. Basi pima upya: Kigoma–Dar kama 1,080, Dar–Mtwara kama 400. Umeongeza kilomita 180 hivi, ambazo si kitu. Ukiongeza ile nusu saa kwa kila ndege, utakaa ndani yake saa tatu na ushee.

Kilichobaki ni Dar, na Dar haina kanuni. Tafuta siku ambazo ndege zote mbili zinaruka, kisha linganisha saa ya kutua na saa ya kuondoka. Kama ya Mtwara imeshaondoka, andika usiku mzima kwenye hesabu, pamoja na chumba, chakula na teksi. Kama ratiba yako ya Kigoma inatua Tabora njiani, andika na hiyo. Uliza pia kama begi litapitilizwa au utalichukua na kulipanga foleni upya, maana foleni hiyo imewaacha wengi. Na mwenye msiba Mtwara anayepiga simu Kigoma kuuliza utafika lini, mpe jibu hili la pili, la kupitia Dar. Watu wanachelewesha mazishi kwa kuamini lile la kwanza.

Saa yako usiiguse: miji yote miwili hufuata saa moja, ingawa jua huchomoza Mtwara kama dakika 42 kabla ya Kigoma ukilipima kwa longitudo peke yake. Ukiambiwa uwe uwanjani saa 12 asubuhi Kigoma, beba tochi.