Namna ya Kukwamisha Kisulisuli: Mwongozo kwa Mkazi wa Kaliua

Mkazi wa Kaliua hafundishwi kukwama. Masika yakiingia, lori la tumbaku huzama hadi ekseli, utingo akakata matawi porini huku dereva akimlaani tajiri kimoyomoyo. Kipaji hicho sasa kina soko katika fizikia.

Anza na madini. Usichukue risasi, ingawa reli inayochepuka hapa stesheni kwenda Mpanda, kilomita 210, ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kuifuata risasi hiyohiyo. Mabehewa yalipita yamesheheni kipitishi kikuu, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani hata chembe, na hakuna aliyegeuza shingo. Sharti lake ni kupozwa hadi nyuzi 266 chini ya sifuri, baridi ambayo hata Juni ya Tabora haijawahi kuifikiria. Tena risasi ina kiburi: uga wa sumaku haiukaribishi ndani, na ukizidi tesla 0.08 hivi, inasusa na kurudi kuwa risasi ya kawaida.

Chukua chuma. Zamani wajuzi wangekucheka, maana kwa usumaku wake chuma kilihesabiwa mchawi wa kazi hii, hadi 2008 Hideo Hosono na wenzake wa Tokyo walipotangaza kipitishi kikuu chenye chuma na aseniki. Jembe la Usumbwa, lile lililouzwa Unyamwezi nzima, halifai hivihivi. Chuma lazima kiozeshwe kwa aseniki au seleniamu. Aseniki ni sumu. Usiiulizie duka la pembejeo, watakuelewa vibaya.

Mchanganyiko huo upige kwa leza ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, mvuke wake utue juu ya bamba la fuwele lililopashwa moto, mpaka utando ufikie nanomita 100 hivi. Unywele wako mmoja ni kama 80,000. Bani la tumbaku halifai kuwa chombo hicho, hata kama shemeji anaapa kwamba amelikandika vizuri.

Sasa haribu. Ndiyo, haribu, kwa makusudi. Uga wa sumaku huingia kwenye utando kwa visulisuli vyembamba, kila kimoja kikibeba fungu lilelile la usumaku, kama Alexei Abrikosov alivyoonyesha mwaka 1957. Mkondo wa umeme huvisukuma ubavuni. Vikianza kutembea tu, ukinzani umerudi, joto limepanda, na kazi yako imekwisha. Utando safi usio na doa hauna cha kuvishika. Kiini cha kisulisuli ni sehemu ambayo upitishaji mkuu umekufa, na kuua sehemu nzima kuna gharama. Kikikuta shimo lililokwisha kufa, kinajilaza humo kama mgeni aliyekuta kitanda kimetandikwa. Waliothubutu kutumia aseniki walipandikiza vinguzo vya oksaidi ya bariamu na chuma, upana nanomita 5 hivi, na visulisuli vikatulia.

Mtemi Mirambo, jirani yetu wa Urambo, asingehitaji maelezo. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji, misafara ikakwama Tabora, na msafiri Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Hapo pa kuzunguka ndipo pa kuangalia. Vinguzo vilivyosimama wima hukamata vizuri visulisuli vya wima. Uga ukiinama, vinaponyoka. Basi tawanya na vitone vya uchafu huku na huku, kama walinzi wa hongo porini. Ila kwa kiasi! Ukitoboa kila mahali, mkondo nao utakosa pa kupita, na barabara za namna hiyo tunazo za kutosha.

Wala usilale. Joto kidogo tu, visulisuli huruka shimo hadi shimo usiku kucha, kimyakimya, kama wapagazi waliokwisha kulipwa malipo ya mbele.

Imebaki kupima. Utahitaji heli ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Neema iliyoje: mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwa gesi ya heli imo Bonde la Rukwa, kusini mwa Mpanda. Panda treni hapa Kaliua na chupa yako kubwa, shuka Mpanda, endelea kwa basi, ichimbe, ipoze, ijaze. Kizibo usikikaze, isije ikalipuka kwenye behewa la daraja la tatu. Kisha rudi stesheni ya Mpanda usubiri. Mvuke mweupe ukikoma kutoka mdomoni mwa chupa kabla kichwa cha treni hakijaonekana, rudi Rukwa ukajaze tena.