Sifa za Taa Nyekundu ya Eabegi

Msimu wa korosho ukifunguliwa, pikapu za Nachingwea na Ruangwa hazilali. Zinashusha magunia kwenye maghala ya vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), zinawawahisha makarani wa vyama hivyo mnadani, kisha zinarudi na mabati, saruji na mashemeji. Katika pilikapilika zote hizo hakuna anayekijali kile kijitu chekundu cha kwenye dashibodi, kilichoketi na duara kubwa kifuani kama mtu aliyepakata tikiti maji. Injini ya dizeli inasifiwa vijiweni. Springi za nyuma zinatajwa kwa heshima, hasa na waliowahi kupita njia za Mnero na Mbekenyera wakati wa masika. Kijitu hicho, yaani taa ya eabegi, kimeambulia matusi tu, na umefika wakati nacho kipewe haki yake.

Kwanza, taa hii haina unafiki. Dereva akifungua swichi, taa inawaka, kompyuta ya mfumo inakagua mizunguko ya umeme ya eabegi, sensa na mikanda, na baada ya sekunde kama 6 taa inazimika. Ikigoma kuzimika, au ikianza kupepesa, basi kuna hitilafu imeonekana na huenda eabegi isifunguke siku ya ajali. Eabegi nzima hujaa gesi kwa takriban milisekunde 30, kasi ambayo hata kope haiiwezi. Ikishindwa kazi hiyo haina muda wa kuomba radhi, kwa hiyo taa inaomba radhi mapema kwa niaba yake. Ni watumishi wangapi wanaokuambia asubuhi, kabla hujapanga foleni, kwamba leo hawatakuhudumia?

Nachingwea yenyewe iliwahi kuumia kwa kukosa taa ya namna hiyo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ikawa moja ya vituo vyake. Ujumbe uliotumwa mwaka 1946 kuangalia kama jambo linawezekana ulitumia wiki 9 tu. Matrekta mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa vya shamba. Ikachimbwa bandari Mtwara, ikatandikwa reli hadi Nachingwea, na karanga zikakataa. Mwaka 1951 serikali ya London ikaufuta mradi, hasara ikiwa takriban pauni milioni 36, na reli nayo haikuvuka mwanzo wa miaka ya 1960. Kungekuwa na kijitu chekundu kwenye meza ya John Strachey, waziri wa chakula wakati mradi ulipoanza, pengine angekibandika tepu nyeusi na kuendelea na kikao.

Sifa ya pili ya taa hii ni kwamba inamlazimisha mtu kuinama. Fundi mwenye papara ataagiza kompyuta mpya ya eabegi siku hiyohiyo. Fundi mwenye adabu ataanza na betri, maana umeme ukishuka sana kompyuta huweka kosa kwenye kumbukumbu yake hata kama eabegi ni nzima. (Ruangwa ina madini ya kinywe, yanayotafutwa duniani kote kwa ajili ya betri za magari ya umeme, na humohumo utakuta pikapu inayosukumwa kila asubuhi.) Kisha atapiga goti na kuchungulia chini ya viti. Soketi za mfumo huu hupewa rangi ya njano ili zitambulike, na kwenye gari lenye waya za mikanda au za eabegi za pembeni, baadhi yake zimekaa humo humo, kati ya vumbi jekundu, punje za ufuta na stakabadhi ya mnada wa mwaka juzi. Kiti kikivutwa mbele na nyuma kila siku, au jeki ikirushwa chini yake, soketi inalegea. Kuichomeka vizuri kunaweza kumaliza kesi yote.

Kama hitilafu haiko hapo, macho yanahamia kwenye usukani. Nyuma yake kuna kibweta cha plastiki chenye utepe wa waya uliojiviringisha, unaopeleka umeme kwenye eabegi ya dereva huku usukani ukizunguka. Utepe huo ukikatika, mara nyingi honi nayo inanyamaza, na dereva anayepita vijijini bila honi atajua mapema, kwa sababu mbuzi hawatampisha.

Hapa utani unasimama kidogo. Kabla ya kugusa soketi yoyote ya njano, waya hasi wa betri hutolewa na fundi husubiri. Vitabu vya Toyota vinataja angalau sekunde 90, kwa sababu kompyuta hubakiza umeme wa akiba. Eabegi haipimwi kwa mita ya kawaida, kwani umeme wake mdogo unaweza kuifyatua usoni mwa fundi. Na vile vimashine vya bei poa vinavyosoma makosa ya injini peke yake vitasema gari halina tatizo. Toyota za zamani kidogo zilikuwa na hisani zaidi: unaunganisha matundu mawili ya soketi ya uchunguzi kwa kipande cha waya, na taa yenyewe inapepesa namba ya kosa lake, mnakaa mnahesabu.

Kiumbe mkweli kiasi hicho hakiwezi kukosa maadui. Wapo wanaokiziba kwa tepu, huku stika ya Nenda kwa Usalama ikiwa kwenye kioo sentimita chache juu yake. Wapo wanaong'oa balbu. Hodari zaidi ni yule anayeuza gari ambalo eabegi zake zilishafunguka kwenye ajali: anaweka rizista ya omu 2 au 3 mahali pa eabegi, kompyuta inadhani kila kitu kipo, na mnunuzi anaondoka akifurahia dashibodi safi. Balbu iliyong'olewa hugundulika kirahisi, kwa kuwa swichi ikifunguliwa kijitu hakionekani kabisa. Rizista haigunduliki mpaka kifuniko cha usukani kifunguliwe.

Hata hivyo, taa nayo ina mipaka yake. Haina habari na vijana waliokaa juu ya magunia nyuma. Wala haikusema lolote kuhusu eabegi za Takata, kampuni ya Japani iliyofilisika mwaka 2017 baada ya takriban vifaa milioni 100 vya kujazia gesi kuitwa virudishwe duniani kote. Baruti yake ya amonia naitreti ilichakaa kwa joto na unyevu, hali ya hewa ambayo mkoa wa Lindi unaifahamu vizuri, na ikaweza kupasua chuma na kuwarushia abiria vipande vyake. Umeme wa eabegi hizo ulikuwa sawa, kwa hiyo kijitu kilizimika baada ya sekunde 6 kama kawaida. Gari lenye eabegi za namna hiyo hujulikana kwa kupeleka namba ya chasisi kwa mtengenezaji, na namba hiyo iko kwenye kadi ya gari, ambayo kwa kawaida mwenye pikapu ameiacha nyumbani.